Upasuaji umefanikiwa, mbona dawa haziishi?

Ijumaa moja mjini Bariadi, baada ya swala, watu walipokuwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, mzee mmoja alitushika mkono akatuvuta hadi kivulini nyuma ya msikiti. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, na ndani yake mlikuwa na cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini pamoja na pakiti tupu za vidonge. Alitusalimu, akauliza habari za nyumbani kama ilivyo desturi, kisha akalitoa lililomleta.

"Maustadhi, binti yangu alipasuliwa moyo Dar es Salaam mwaka jana. Wakaniambia upasuaji umefanikiwa. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu, nikachinja. Sasa kama umefanikiwa, mbona dawa haziishi? Mwenye kupona si huacha dawa?"

Tulimuuliza binti anaendeleaje. Akasema hajambo, anachuma pamba na wenzake. Tukauliza habari za vidonge. Akasema viliisha siku tisa zilizopita, na safari hii hakununua vingine, kwanza kwa sababu ya nauli, na pili kwa sababu jirani yake mmoja, mtu wa heri kabisa, alimwambia kwamba dawa ile ni sumu ya panya.

Siku tisa. Tulimwomba asiondoke pale kabla hatujapiga simu.

Makala ya wiki hii ni jibu tulilompa mzee yule, pamoja na mengine tuliyopaswa kumwambia siku ile yakatupita, hata ikabidi tuyatafute baadaye kwa wenye ujuzi. Sisi si madaktari, na safu hii haiwezi kukaa mahali pa daktari wa mgonjwa wako. Lakini tumegundua kwamba familia nyingi hupewa mgonjwa wao mlangoni mwa hospitali zikiwa na furaha kubwa na maelezo machache, na mengi katika maelezo hayo husahaulika ndani ya basi kabla ya kufika Dodoma.

Maradhi ya binti huyu yalianzia kooni. Mtoto wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano huumwa koo, hupata homa, mafindofindo huvimba, na baada ya siku chache hurudi kucheza. Katika nyumba zetu koo la mtoto hutibiwa kwa maji ya chumvi na dua, na kwa kuwa mara nyingi hupona, hatulihesabu kuwa ugonjwa. Lakini lipo koo linaloletwa na kijidudu ambacho mwili unapopigana nacho huweza kukosea adui, ukaanza kuvishambulia viungo vyake wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye goti huuma, kisha maumivu huhama kwenda kifundo cha mguu au kiwiko, kisha hutulia. Wazazi husema mtoto anakua. Kumbe ndani, milango ya moyo, ambayo madaktari huiita valvu, imeanza kupata makovu. Kila homa ya namna hiyo inaporudi huongeza kovu juu ya kovu, hata mlango mmoja ushindwe kufunguka vyema au kufunga sawasawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 55 wanaishi na maradhi haya ya valvu, wengi wao katika nchi maskini, ambako watoto hulala wengi katika chumba kimoja na koo la mmoja huwa koo la wote.

Zamani, mtoto wa Kitanzania aliyefikia hatua hiyo alikuwa na mlango mmoja tu wa matumaini: kuingia katika orodha ya wagonjwa wanaopelekwa na serikali nje ya nchi, hasa India. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambayo leo watu wengi huiita kwa kifupi JKCI. Taasisi hiyo imekuwa ikipokea pia madaktari wa kujitolea kutoka nje, wakiwamo wale wanaoletwa na shirika la Kiislamu la Muntada Aid la Uingereza kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo swali la wazazi wetu lilikuwa: je, mtoto atapata safari? Swali la kizazi hiki ni jingine, na bado hatujalizoea: akirudi, ataishi vipi?

Ili daktari ashone ndani ya moyo, mara nyingi ni lazima moyo usimame. Kazi yake na kazi ya mapafu hufanywa na mashine iliyo kando ya kitanda: damu hutolewa mwilini ikiwa nyeusi, hupitishwa mahali inapopata hewa safi, kisha husukumwa kurudi ikiwa nyekundu. Anayesoma historia ya Kiislamu atatabasamu hapa. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Sham na kufia Cairo, aliandika kwamba damu ya upande wa kulia wa moyo haipenyi ukuta wa kati kwenda kushoto, kama Galen wa Wayunani alivyofundisha na kuaminiwa kwa miaka zaidi ya elfu. Alisema hutoka, hupita mapafuni, hukutana na hewa, ndipo hurudi upande wa kushoto. Mashine ile inafuata njia hiyo hiyo aliyoieleza. Na tabibu huyu, kwa faida ya msomaji, alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika Afrika Mashariki tunaifuata.

Mtu wa kwanza kufanikiwa kuitumia mashine hiyo kwa binadamu ni John Gibbon wa Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953. Mgonjwa wake alikuwa msichana wa miaka 18 mwenye tundu moyoni, na alipona. Habari hii husimuliwa mara nyingi. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mtoto aliyefanyiwa kabla yake alifariki, na watoto wawili waliofuata walifariki pia, hata Gibbon akaiacha kazi hiyo na kuwaachia wengine waiendeleze. Tunaitaja ili ieleweke kwamba hata leo, baada ya ufundi kusonga mbele mno, daktari anapowaita wazazi na kuwaeleza hatari kabla ya kusaini fomu, hawatishi wala hajitafutii kinga. Anasema kweli, nao wana haki ya kumuuliza hadi waelewe.

Mambo yanayoweza kutokea baada ya upasuaji ni haya. Damu inaweza kuendelea kutoka kifuani, mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji usiku ule ule. Ndiyo sababu ndugu huombwa wachangie damu mapema, na ni aibu kwetu kwamba wengi hutoweka siku hiyo. Figo zinaweza kulegea kwa siku kadhaa. Mapigo ya moyo yanaweza kwenda ovyo. Hili humpata takribani mgonjwa mmoja katika watatu au wanne, hasa wiki ya kwanza, na kwa wengi hutulia kwa dawa. Donge dogo la damu au la hewa linaweza kupanda kichwani likaleta kiharusi. Waliozibwa tundu karibu na nyuzi zinazoendesha mapigo, wachache wao huhitaji kuwekewa betri ya moyo. Kidonda cha kifua kinaweza kupata usaha. Na mgonjwa, hasa mtu mzima, anaweza kuamka akiwa amechanganyikiwa, hamtambui mkewe, anataka kwenda shamba saa nane za usiku. Familia zimewahi kulia zikidhani amerogwa au akili imeondoka. Mara nyingi hali hiyo hupita baada ya siku chache.

Mfupa wa kifua uliopasuliwa hufungwa kwa nyaya za chuma, na huchukua kiasi cha wiki nane hadi kumi na mbili kuunga vizuri. Katika muda huo mgonjwa hapaswi kubeba ndoo ya maji, kubeba mtoto mkubwa, kushika jembe wala kujiinua kwa mikono. Hapa tunawasemesha hasa kina mama wakwe wa Bariadi na vijiji vyake. Mke wa mtoto wako aliyerudi kutoka upasuaji si mvivu. Na kwa sababu kusujudu na kuinuka huegemea mikono, aswali ameketi na kuashiria kwa kichwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, kwamba asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Hakuna thawabu inayopatikana kwa kukifungua kidonda kifuani ili kuonyesha uchamungu.

Sasa turudi kwa vidonge vya mzee wetu.

Binti yake aliwekewa valvu ya bandia ya kaboni ngumu, ile ambayo watu huiita ya chuma. Faida yake ni kwamba inaweza kudumu maisha yote. Gharama yake ni kwamba damu huiona kuwa kitu kigeni, na ikiachwa itaganda juu yake. Donge likikua, mlango hukwama na mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache; likikatika, huenda kichwani likaleta kiharusi. Kinachozuia hayo ni kidonge kimoja cha wafarini kila siku, aghalabu jioni, kwa maisha yote. Kwa hiyo binti hakushindwa kupona. Amebadilishiwa maradhi yaliyokuwa yakimuua akapewa sharti la kila siku, na anayelitimiza sharti hilo huweza kusoma, kufanya kazi na kuzeeka.

Kuhusu sumu ya panya, jirani hakusema uongo. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa wafugaji wa Canada na kaskazini mwa Marekani walianza kutokwa damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja aliyekata tamaa alibeba kopo la damu isiyoganda hadi maabara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Humo Karl Link na wenzake waliitafuta sumu ile wakaipata, na kutokana nayo ikatengenezwa wafarini, iliyouzwa mwaka 1948 kuua panya na kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo, alipewa dawa hiyo hiyo. Panya hula nyingi akafa. Mgonjwa hupewa kipimo kidogo kinachofuatiliwa. Wafugaji wa Kisukuma wanajua vizuri kwamba dawa ya kuogeshea mifugo, ikizidishwa, humuua yule yule iliyokusudiwa kumponya.

Kufuatiliwa huko ndiko kunakoitwa kipimo cha INR. Kwa mtu asiyetumia dawa, namba huwa karibu na 1. Kwa mwenye valvu ya namna ya binti huyu, mahali ilipowekwa, madaktari kwa kawaida hutaka iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu huganda. Ikipanda sana, damu huvuja. Anayekaa Bariadi aulize, kabla hajaruhusiwa kutoka Dar es Salaam, ni wapi karibu naye atapimwa: hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando kule Mwanza, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Ahakikishe jibu limeandikwa kwenye cheti, na nauli ya safari hizo ihesabiwe na ukoo mzima kama ilivyohesabiwa nauli ya upasuaji wenyewe. Tumeona michango ya mamilioni ikikusanywa kwa ajili ya siku moja ya upasuaji, na hakuna anayeulizia elfu chache za kila mwezi baada yake.

Chakula nacho kina neno. Majani ya kijani yana kitu kinachosaidia damu kuganda, na hivyo huipunguza nguvu wafarini. Mgonjwa hakatazwi mboga. Anatakiwa ale kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Kwetu Usukumani hili lina ugumu wake, kwa sababu masika meza hujaa majani mabichi ya kunde na mchicha, na kiangazi tunarudi kwenye nsansa. Msimu ukibadilika, namba ya INR inaweza kubadilika nao, basi huo ndio wakati wa kwenda kupima bila kungoja tarehe ya kliniki.

Dawa za dukani ni hatari kuliko mboga. Flagyl ya tumbo na Septrin ya kikohozi, ambazo sisi hununua kama pipi, huipandisha nguvu wafarini hadi mgonjwa kuvuja damu. Aspirini na diklofenaki za maumivu huongeza hatari hiyo kwa njia nyingine. Dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini hufanya kinyume, huiondolea wafarini nguvu. Dawa za miti shamba hazina kipimo kinachojulikana. Hata habbat sauda, tangawizi na vitunguu saumu, vikitumiwa kwa wingi kama dawa na si kiungo cha chakula, daktari aelezwe. Ama hijama, ambayo tunaipenda kwa kuwa ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), mgonjwa wa wafarini asichanjwe bila idhini ya daktari wake, damu iliyozuiwa kuganda haitofautishi wembe wa sunna na wembe mwingine. Vivyo hivyo mtoto wa kiume aliye katika dawa hii asipelekwe kutahiriwa na ngariba wakati wa likizo pamoja na binamu zake. Atahiriwe hospitalini, kwa mpango.

Dalili za kukimbilia hospitali ni choo cheusi, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokatika, hedhi inayomwagika kupita kawaida, kichwa kuuma ghafla mno, mdomo kupinda au mkono kulegea, na pumzi kubana ghafla. Ipo na nyingine ambayo wachache huambiwa: valvu ya kaboni hutoa sauti ndogo, tik, tik, kama ya saa. Mama wa binti huyu alitueleza kwamba katika ukimya wa usiku huisikia akiwa kitanda cha pili. Sauti hiyo ikififia au ikipotea, msingoje asubuhi.

Na homa. Huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kwa mwenye valvu ya bandia, wadudu waliotoka kwenye jino bovu au kwenye jipu wanaweza kufika moyoni kwa njia ya damu, wakajenga juu ya valvu ile na kuila polepole. Homa isiyoisha baada ya siku chache ni ya kupelekwa kwa daktari aone cheti cha upasuaji, naye achukue damu ya kuotesha wadudu kabla ya kuanza kuchoma sindano za kubahatisha. Kabla ya kung'oa jino, mgonjwa amwambie daktari wa meno kwamba ana valvu, apewe dawa ya kinga. Mswaki, ambao wengi wetu tumeuacha kwa wazee, una kazi kubwa hapa. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, inayozuia koo lisirudi, nayo haikomi kwa sababu ya upasuaji, kwa kuwa zipo valvu nyingine ambazo bado ni zake. Daktari ndiye atakayesema ikome lini.

Swaumu hatutaihukumu kwa jumla. Kidonge cha jioni peke yake hakimzuii mtu kufunga, lakini wengi wa wagonjwa hawa humeza pia dawa za kutoa maji mwilini, na hao wakifunga katika joto la Simiyu wanaweza kuanguka. Ramadhani inapokaribia aulizwe daktari, na jibu lake lichukuliwe kwa uzito uleule unaopewa jibu la sheikh.

Mzee alikuwa na jambo jingine, akalisema kwa sauti ya chini. Alisikia wodini kwamba katika ile mashine hutiwa dawa itokanayo na nguruwe. Ni kweli. Inaitwa heparini, bila dawa hiyo damu ingeganda ndani ya mirija ya mashine, na siku hizi hutengenezwa zaidi kutokana na utumbo wa nguruwe. Baadhi ya valvu za bandia pia ni za nguruwe, na nyingine ni za ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe. Suala hili halikuachwa bila jibu. Imam Nawawi, aliyeishi zama moja na Ibn al-Nafis, anaeleza katika Minhaj kwamba aliyeungwa mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara ana udhuru. Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita ya Makka lilikaa Desemba 2003 likaijadili heparini yenyewe kwa jina, likaruhusu itumike pale ambapo hakuna mbadala wa halali unaotosheleza. Kwa hiyo heparini asiikatae mtu akafa. Kwenye valvu nafasi ni pana zaidi: familia inaweza kuuliza mapema kama ya ng'ombe inafaa. Wajue tu kwamba valvu za wanyama, ingawa kwa kawaida hazihitaji wafarini ya maisha, huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi, ikabidi kupasuliwa tena.

Tunagusa kwa ufupi jambo zito zaidi. Katika hospitali zenye vifaa vikubwa, moyo ukikataa kuamka baada ya upasuaji, ipo mashine inayofanana na ile ya chumba cha upasuaji lakini inayoweza kubeba kazi ya moyo na mapafu kwa siku au wiki. Ilimwokoa mtu mzima kwa mara ya kwanza mwaka 1971, na mtoto mchanga mwaka 1975, kote Marekani. Ndugu zetu walio Ghuba na Ulaya wamekutana nayo, na hutupigia simu wakiuliza la kufanya. Waelewe kwamba mashine hii haitibu, inanunua muda. Miongoni mwa watu wazima wanaowekewa baada ya upasuaji wa moyo, wanaotoka hospitali wakiwa hai ni chini ya nusu, na njiani kuna kuvuja damu, kiharusi, maambukizi na mguu kukosa damu. Kuhusu kuizima, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Amman Oktoba 1986 liliamua kwamba madaktari wenye ujuzi wakithibitisha kuwa kazi zote za ubongo zimekoma kabisa bila uwezekano wa kurudi, nao ukaanza kuharibika, inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unapigishwa nayo. Kabla ya hapo, ndugu wasikubali wala wasikatae kwa hasira. Waombe kikao na daktari, na waende naye mtu mwenye elimu ya dini.

Lililobaki ndilo lililokuwa chini kabisa ya bahasha. Binti ameposwa. Kijana ni wa Maswa, ana tabia njema, na mzee alitaka kujua kama ni lazima aambiwe. Kovu litaonekana, alisema, tutasema alianguka.

Tulinyamaza kidogo. Mwenye valvu ya kaboni akishika mimba, kila njia ina hatari. Wafarini humfikia mtoto tumboni, na katika wiki ya sita hadi ya kumi na mbili inaweza kumlemaza. Kuiacha kunaweza kumuua mama. Sindano za heparini badala yake zinahitaji uangalizi wa karibu mno. Wapo wanaozaa salama, lakini ni wale waliopanga na daktari kabla ya mimba, si waliokwenda kliniki mwezi wa tano. Hata uzazi wa mpango una aina zinazozidisha kuganda kwa damu. Mume asiyejua ataona mkewe anameza vidonge kwa siri, atashuku, na siku ya kuvuja damu hatajua la kumwambia mganga wa zamu.

Kwa upande wa sheria, Mashafi wameorodhesha aibu chache tu zinazompa mtu hiari ya kuvunja ndoa, na maradhi ya moyo hayamo. Ibn al-Qayyim alipanua zaidi, akaona kila aibu inayozuia makusudio ya ndoa inaingia. Wanaosikia kauli ya kwanza husema, basi tunyamaze. Sisi hatukukubaliana na mzee. Kukosekana kwa haki ya kuvunja ndoa si ruhusa ya kumdanganya Muislamu mwenzako kuhusu kovu. Tulimwambia aseme kabla ya mahari kutajwa, aseme mbele ya mshenga, na akitaka tutakaa naye.

Tabibu tuliyempigia simu mchana ule alitaka binti afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, na asimezeshwe vidonge viwili ili kufidia. Alipopimwa, namba ilikuwa 1.1. Alianzishwa sindano na vidonge, akapigwa picha ya moyo, na Alhamdulillah valvu haikuwa na donge. Jumanne ya wiki ya pili alirudi nyumbani na daftari la mistari, amepigiwa safu tatu kwa rula: tarehe, kipimo, vidonge.

Habari za posa alizipata kwa mama yake. Alitutumia salamu kwamba kijana aelezwe yote, na akisita, asilaumiwe. "Ila aambiwe mapema," alisema, "asije akaamka usiku akatafuta saa inalia wapi."

Wazee wa Maswa wameelezwa. Wameomba wapewe muda, nao wamepewa.